Barua ya wazi kwa bodi za kriketi na wateuzi: swali la kustaafu si la mchezaji peke yake

Kwenu wenyeviti na wajumbe wa bodi za kriketi, makocha wakuu, na ninyi nyote mnaokaa kwenye kamati za uteuzi wa timu za taifa,

Waheshimiwa,

Nawaandikia kuhusu jambo ambalo kila mmoja wenu atakutana nalo, kama bado hajakutana nalo: mchezaji mkubwa anapozeeka, nani aseme sasa basi, na aseme lini. Kwa miaka mingi jibu lenu limekuwa lilelile. Mwandishi wa habari akiuliza, mnasema kwamba mchezaji wa hadhi ile amejipatia haki ya kuondoka kwa wakati wake, na kwamba siku ikifika atajua mwenyewe. Jibu hilo lina sura ya heshima, na naamini wengi wenu hulitoa kwa nia njema. Hata hivyo naomba niseme bila kuzunguka kwamba si heshima. Ni kumtwisha mtu mmoja, tena yule ambaye ni vigumu kuliko wote kujiona, mzigo ambao ninyi mmepewa ofisi ili muubebe.

Mambo mawili yamechanganywa kwa muda mrefu mno. Kustaafu ni uamuzi wa mchezaji. Hakuna bodi yenye mamlaka ya kumwambia mtu aache kucheza kriketi ikiwa ipo klabu inayomtaka na mwili wake unakubali. Nafasi kwenye timu ya taifa ni jambo jingine kabisa. Nafasi hiyo si mali ya aliyeikalia, hata akiwa ameikalia kwa miaka 20; ni ya timu, na ninyi ndio mliokabidhiwa kazi ya kuigawa. Mnapomsubiri mchezaji atangaze kustaafu ili muweze kumchagua mwingine, mnakuwa mmemkabidhi yeye kazi yenu, kisha akikosea tarehe lawama zinamwangukia yeye.

Nianze na umri, kwa kuwa ndio watu huukimbilia kwanza. Sina nia ya kuwaomba muweke ukomo wa miaka. Kwenye majukwaa watu husema ng'ombe hazeeki maini, na kumbukumbu za mchezo huu zinawapa haki. Jack Hobbs wa Uingereza alifunga senchuri (mikimbio, yaani pointi, 100 au zaidi katika zamu moja) katika mechi ya testi, ile ya kimataifa inayochezwa kwa siku kadhaa, kule Melbourne mwaka 1929 akiwa na miaka 46, na mpaka leo hakuna aliyefanya hivyo akiwa na umri mkubwa zaidi. Misbah-ul-Haq alikabidhiwa unahodha wa timu ya testi ya Pakistan mwaka 2010 akiwa na miaka 36, umri ambao wengi wa rika lake walikuwa wamekwishatundika daluga; mwaka 2016, akiwa na miaka 42, alifikisha mikimbio 100 pale Lord's, uwanja mashuhuri wa London, akashuka chini na kupiga pushapu mbele ya majukwaa, na mwezi uliofuata timu yake ikashika nafasi ya kwanza duniani katika testi. Rangana Herath wa Sri Lanka, aliyekuwa akirusha mipira ya kuzunguka kwa mkono wa kushoto, alimaliza na wiketi 433, yaani wapigaji aliowatoa, na sehemu kubwa ya hizo alizipata baada ya kutimiza miaka 35.

Na tusimsahau Aasif Karim wa Kenya. Alikuwa amekwishastaafu alipoitwa tena kwa ajili ya Kombe la Dunia la mwaka 2003. Akiwa na miaka 39, dhidi ya Australia pale Durban, alirusha ova nane (ova moja ni mipira sita) na mipira miwili, akatoa mikimbio saba tu, akachukua wiketi tatu, mojawapo ikiwa ya nahodha Ricky Ponting. Mteuzi ambaye angesema mtu wa miaka 39 asicheze kwa sababu tu ana miaka 39 angeunyima mchezo mzima ova zile.

Kinachozeeka, basi, si cheti cha kuzaliwa. Mrushaji wa kasi anapouachia mpira kwa kilomita 145 kwa saa, mpigaji ana karibu nusu sekunde kabla haujamfikia. Ndani ya muda huo lazima auone mkono, akisie mpira utadunda wapi, aamue kusogea mbele au kurudi nyuma, kisha mwili utii. Umri humnyang'anya kipande kidogo sana cha muda huo, kidogo kiasi kwamba mazoezini, anaporushiwa mipira anayoitarajia, hakionekani kabisa. Huonekana kwenye mechi, kwa aliyekaa na kutazama. Mguu wa mbele unaishia nusu ya njia. Mpira mnyoofu ambao zamani angeupeleka upande wa mguuni bila hata kufikiri unampita na kugonga pedi. Anaanza kujisogeza kabla mrushaji hajauachia mpira, ili ajipatie muda ambao hana tena. Zamani alikuwa akitolewa kwa kudakwa huku akishambulia. Sasa anatolewa kwa wiketi yake, vile vijiti vitatu anavyovilinda, kuvunjwa au kwa mguu kukaa mbele ya wiketi, mechi baada ya mechi, na kila mara kuna maelezo: pichi, ule ukanda wa katikati ya uwanja, haikuudundisha mpira juu, mpira uligeuka, mwamuzi aliharakisha.

Kwa warushaji wa kasi dalili ni nyingine. Ova za asubuhi bado ni nzuri, na hizo ndizo zinazoonyeshwa kwenye taarifa za habari jioni. Mtazame aliporudishwa kwa awamu ya tatu, saa ya mwisho ya siku, mpira ukiwa mkuukuu na wapigaji wametulia. Mtazame pia namna anavyosimama uwanjani wakati harushi. Mchezaji aliyekuwa akisimama slipu, nyuma kidogo ya mpigaji, anahamishwa taratibu hadi mahali ambapo mpira hufika kwa nadra, na wapinzani wanakuwa na desturi ya kukimbia mkimbio wa pili kila mpira unapoelekea kwake. W. G. Grace wa Uingereza aliyaona haya kwake mwenyewe. Aliondoka kwenye testi mwaka 1899, baada ya mechi ya Trent Bridge, akiwa na miaka 50, wakati bado aliweza kupiga. Kilichomshinda ni kuinama na kuufuata mpira. Katika mechi hiyohiyo alianza kijana wa miaka 21 aliyeitwa Wilfred Rhodes, ambaye angekuja kucheza testi yake ya mwisho mwaka 1930 akiwa na miaka 52. Mechi moja iliwakutanisha mtu aliyejua siku yake na mtu ambaye siku yake ilikuwa mbali kuliko ambavyo yeyote angethubutu kutabiri, na hakuna kanuni ya umri ambayo ingewahukumu wote wawili kwa haki.

Lakini si kila mchezaji ni Grace, na hapa ndipo penye kiini cha barua yangu. Mchezaji hawezi kuaminiwa kuwa wa kwanza kujua, na sababu yake si kiburi. Maisha yake yote amefundishwa kwamba kipindi kibaya hupita. Akiwa na miaka 23 alishindwa mechi sita mfululizo, akaongeza mazoezi, mikimbio ikarudi. Akiwa na miaka 30 ikawa hivyohivyo. Anapofikisha 38 na mikimbio ikakauka, atafanya kile ambacho kimemsaidia siku zote: ataongeza mazoezi na kusubiri. Imani hiyo ndiyo iliyomfanya awe mkubwa, kwa hiyo kumtaka aitupe peke yake, chumbani kwake, ni kumtaka awe mtu mwingine.

Takwimu nazo humficha. Chukueni mpigaji aliyekwishatolewa mara 200 kwa wastani wa mikimbio 50. Katika mara 20 zinazofuata, ambazo kwa timu nyingi ni mwaka mzima wa testi na zaidi, wastani wake ukawa 25, yaani nusu ya ule wa zamani. Wastani wa maisha yake yote utashuka hadi 47.7 tu. Ubao utaendelea kumwonyesha kama mmoja wa wapigaji bora wa zama zake, watangazaji watausoma kila anapoingia uwanjani, naye atauamini. Ninyi mnao wachambuzi wanaoweza kutenganisha miezi 18 iliyopita na yale ya miaka kumi nyuma. Kazi hiyo mnaifanya kwa mchezaji wa miaka 24 bila kusita. Kwa mkongwe mnaikalia.

Matokeo ya kuikalia tunayajua. Kapil Dev ni mmoja wa watu waliobadilisha kriketi ya India. Ndiye nahodha aliyenyanyua Kombe la Dunia mwaka 1983, na sisemi neno hili kumpunguzia chochote. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikuwa akiifuata rekodi ya wiketi 431 za testi iliyowekwa na Richard Hadlee wa New Zealand. Kasi ilikuwa imeondoka na wiketi zilikuja kwa taabu, moja hapa, mbili pale. Aliifikia, kisha Februari 1994 huko Ahmedabad, dhidi ya Sri Lanka, akaipita kwa wiketi ya 432. Mwezi uliofuata akacheza testi yake ya mwisho, na hesabu ikafungwa kwenye 434. Watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Lakini katika miaka hiyohiyo palikuwa na Javagal Srinath, mrushaji mwenye kasi ambayo India ilikuwa haijaizoea, aliyeanza testi kule Brisbane mwaka 1991. Timu iliporudi kucheza kwenye pichi za nyumbani, zinazopendelea mipira ya kuzunguka, nafasi za warushaji wa kasi zilikuwa chache, na yeye alikaa kando. Testi yake ya kwanza katika ardhi ya nyumbani aliicheza mwishoni mwa 1994, Kapil alipokwisha kuondoka. Hakuna ubao unaoonyesha wiketi ambazo mrushaji wa kasi hakuzipata akiwa na miaka 23 na 24, wakati mwili wake ulikuwa mpya. Rekodi moja ilionekana na kila mtu, na gharama yake haikuandikwa popote, na je, kuna mteuzi aliyewahi kukaa na Kapil, ana kwa ana, akamwuliza iwapo mabadilishano yale yalikuwa ya haki? Sijui, wala si langu kumsemea; ninachojua ni kwamba swali lenyewe lilikuwa la wateuzi kuuliza, si la mrushaji.

Sachin Tendulkar naye alifunga senchuri yake ya 51 na ya mwisho ya testi kule Cape Town, Januari 2011. Machi mwaka huo alifunga ya 99 kwa kujumlisha testi na mechi za siku moja, na kuanzia hapo mchezo mzima ukageuka kuwa kusubiri ya 100. Ilichukua mwaka mzima, hadi Machi 2012 dhidi ya Bangladesh pale Mirpur, katika mechi ambayo India waliipoteza. Wakati huo timu ilikuwa imefungwa testi nne kwa bila kule Uingereza na nyingine nne kwa bila kule Australia, na kila mahali swali la kwanza lilikuwa tarakimu ile ya mtu mmoja. Sandeep Patil, aliyekuwa mwenyekiti wa wateuzi, alieleza baadaye kwamba Desemba 2012 walikaa naye wakamwuliza mipango yake. Mwezi huohuo Tendulkar akaachana na mechi za siku moja. Nawapongeza wateuzi wale kwa kukaa naye. Najiuliza tu kwa nini mazungumzo ya namna hiyo huonekana kuwa jambo la ajabu, la kusimuliwa miaka kadhaa baadaye kana kwamba ni siri ya dola, wakati yangepaswa kuwa kazi ya kawaida ya kila msimu. Tendulkar aliondoka Novemba 2013, baada ya testi ya 200, akifunga mikimbio 74 mbele ya watu wa Mumbai. Mtu wa aina yake alistahili kuaga hivyo. Hakustahili miaka miwili ya minong'ono iliyotangulia.

Upo upande mwingine wa uzembe huu, nao unaumiza mwili. Mwaka 1976, wateuzi wa Uingereza walikabiliwa na warushaji wa kasi wa West Indies, wakaamua kwamba jawabu ni ukongwe. Pale Old Trafford wafunguzi wa Uingereza, yaani wapigaji wawili wa kwanza, walikuwa John Edrich, mwenye miaka 39, na Brian Close, mwenye miaka 45. Jioni ya Jumamosi walitumwa kuwakabili Michael Holding, Andy Roberts na Wayne Daniel, kwenye pichi yenye nyufa, katika zama ambazo hakuna aliyevaa kofia ngumu. Mpira baada ya mpira uliwapita usoni au kuwagonga mbavuni. Close hakurudi nyuma, hakujisugua, hakuonyesha maumivu. Mwishoni kiwiliwili chake kilijaa michubuko. Watu husimulia jioni ile kama hadithi ya ushujaa, na ushujaa ulikuwapo kweli. Mimi huwafikiria waliomteua. Baada ya mechi hiyo Edrich na Close waliachwa wote wawili, na hakuna hata mmoja aliyecheza testi tena. Wazee wale walitumiwa kama ngao kwa sababu hakuna aliyekuwa amejiandaa na vijana, kisha wakawekwa kando.

Kuna mnaloweza kuiga. Mwaka 2024 viongozi wa timu ya Uingereza walikutana na James Anderson, mrushaji aliyekuwa na wiketi 700 na miaka 41, wakamweleza kwamba wanaijenga timu ya miaka ijayo na kwamba yeye hayumo. Anderson hakuwa amepanga kuacha, na hakuficha kwamba alijiona bado anaweza. Lakini aliambiwa usoni, na watu wenye mamlaka ya kumwambia, na sababu ilikuwa wazi. Alipewa mechi moja ya kuagia, Lord's mwezi Julai, dhidi ya West Indies. Katika mechi hiyo Gus Atkinson, aliyekuwa akicheza testi yake ya kwanza, alichukua wiketi 12. Anderson alimaliza na 704 katika testi 188, kisha akabaki na timu kama mshauri wa warushaji. Na mwaka uliofuata alikuwa akirusha tena kwa timu yake ya Lancashire. Hilo la mwisho nalipenda kuliko yote, kwa sababu linaonyesha wazi ile tofauti niliyoitaja mwanzoni: bodi ilifunga mlango wa timu ya taifa, ambao ni wake kuufunga, na mchezaji akaendelea kucheza, jambo ambalo ni lake kuamua. Wapo waliosema alifanyiwa ukatili. Mimi naona ukatili ungekuwa kumpeleka ziara baada ya ziara kubeba vinywaji kama mchezaji wa akiba, akisoma hatima yake kwenye magazeti.

Mtaniambia kwamba maneno makali huweza kumvunja mchezaji aliyebakiwa na kitu. Nafikiri mnawadharau wachezaji. Steve Waugh aliondolewa kwenye timu ya Australia ya mechi za siku moja mwaka 2002, huku akibaki nahodha wa testi, na alijua wateuzi wanamhesabia. Alifika Sydney Januari 2003 akiwa na miaka 37, nchi nzima ikijadili kama hiyo ndiyo mechi yake ya mwisho. Mpira wa mwisho wa siku ulipobaki alikuwa na mikimbio 98. Richard Dawson akaurusha, Waugh akaupeleka mpakani kupitia upande wa kuume, na senchuri yake ya 29 ya testi ikamfikisha sawa na Don Bradman, nguli wa Australia. Alicheza mwaka mmoja zaidi, akatangaza mapema kwamba ataagia Sydney Januari 2004, na akafunga 80 katika zamu yake ya mwisho. Ukweli haukumharibia chochote. Ulimpa kitu cha kujibu.

Kuhusu wale wanaojua wenyewe, nitapita haraka, maana hao hawahitaji barua. Muttiah Muralitharan alisema kabla ya testi ya Galle ya Julai 2010 kwamba hiyo ndiyo ya mwisho, wakati akihitaji wiketi nane kufikisha 800, na angeweza kuikosa. Aliipata kwa mpira wake wa mwisho kabisa. Stuart Broad alitangaza jioni ya siku ya tatu pale The Oval mwaka 2023, akapiga mikimbio sita kwa mpira wa mwisho aliopokea na kuchukua wiketi kwa mpira wa mwisho aliorusha. Hizi ni zawadi ambazo mchezo hutoa mara chache. Bradman mwenyewe, kwenye uwanja huohuo mwaka 1948, alitolewa na Eric Hollies kwa mpira wa pili bila mkimbio wowote, akabaki na wastani wa 99.94. Msipange sera za bodi kwa kutarajia hadithi nzuri.

Pangeni kwa kuwatazama wote kwa pamoja, kwa maana hatari kubwa kwa timu si mkongwe mmoja bali wanne au watatu wanaoondoka siku moja. Januari 1984, Sydney, Australia iliwaaga Greg Chappell, Dennis Lillee na Rod Marsh katika testi ileile. Chappell alifunga 182. Lillee aliondoka na wiketi 355, na Marsh, aliyekuwa mdakaji wake nyuma ya wiketi, naye akaondoka na watu 355 aliosaidia kuwatoa. Ilikuwa siku nzuri ya kupiga makofi, kisha zikafuata mechi nyingi za aibu. Kabla mwaka haujaisha nahodha Kim Hughes alijiuzulu huku akilia mbele ya waandishi. West Indies waliwapoteza Viv Richards, Malcolm Marshall na Jeff Dujon mwaka 1991. Australia tena, Januari 2007, iliwaaga Shane Warne, Glenn McGrath na Justin Langer kwa mkupuo. India, kati ya Desemba 2024 na Mei 2025, iliondokewa na Ravichandran Ashwin, Rohit Sharma na Virat Kohli kwenye testi. Mchezaji mmojammoja hawezi kupanga foleni hiyo. Hajui mwenzake anafikiria nini, na hata akijua si kazi yake. Ninyi mnaona chumba kizima, kwa hiyo ninyi ndio wa kusema huyu mwaka huu, yule baada ya ziara ya mwakani, na kijana fulani aingie sasa wakati mkongwe bado yupo wa kumwelekeza.

Kwa nchi zenye wachezaji wachache najua jambo hili ni gumu zaidi, na sitaki kuandika kana kwamba kila bodi ina mamia ya vijana wanaosubiri mlangoni. Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003. Steve Tikolo, mpigaji wake bora, alistaafu baada ya Kombe la Dunia la 2011, kisha akaombwa kurudi, na alikuwa na miaka 42 katika mechi za kufuzu za mwanzoni mwa 2014, ambazo baada yake nchi ilipoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za siku moja. Tikolo alipoitwa aliitika, na anastahili shukrani. Swali ni kwa wale ambao kwa zaidi ya miaka kumi hawakumwandaa mtu wa kuchukua nafasi yake. Pale ambapo mkongwe wa miaka 42 bado ndiye mpigaji bora wa nchi, kumwambia astaafu hakutatui lolote. Kinachotakiwa ni mashindano ya vijana, makocha wanaolipwa, na ratiba ya mechi. Kumsifu kwa uzalendo huku hayo hayafanyiki ni kujificha nyuma yake.

Kuna pia suala la fedha, ambalo huongelewa kwa sauti ya chini. Jina kubwa hujaza viti na kuuza matangazo, na najua wajumbe wa fedha nao hukaa kwenye vikao vyenu. Upande wa pili, mchezaji aliyeingia kambini akiwa na miaka 17 mara nyingi hana kazi nyingine aliyojifunza, na siku mkataba unapokwisha kipato chake kinakatika. Nyota wachache wana utajiri wa kuwatosha, wengi hawana. Mtu anayeng'ang'ania nafasi wakati mwingine anang'ang'ania mshahara. Mkataba wa mwaka mmoja wa mpito, kozi ya ukocha au uamuzi inayoanza kabla hajaondoka, na mfuko wa uzeeni unaoeleweka vitafungua midomo mingi ambayo sasa imefungwa. Na viwe kwa wanawake kama kwa wanaume. Jhulan Goswami aliaga Lord's Septemba 2022 akiwa na miaka 39, baada ya kuichezea India kwa miaka 20, na timu ikashinda mfululizo wote wa mechi tatu. Heshima ile isiwe bahati ya mmoja.

Ninachoomba, basi, ni hiki. Kila mchezaji aliyevuka miaka 34, awe nyota au la, akae na mwenyekiti wa wateuzi na kocha mara moja kwa mwaka, faraghani, akiwa na takwimu zake za miezi 18 mezani na majibu ya vipimo vilevile vya mwili wanavyofanyiwa vijana. Aambiwe anasimama wapi. Akiwa bado ni bora, aambiwe hivyo pia, kwa maana mkongwe anayecheza vizuri huku akiishi kwa hofu anadhulumiwa sawa na kijana aliyefungiwa nje. Akiwa amefika mwisho, apewe miezi kadhaa ya kujua, achague mwenyewe namna ya kutangaza, na apewe mechi ya kuagia ikiwa bado anaistahili kwa uwezo. Mechi hiyo isipangwe kwa ajili ya kuuza tiketi, na rekodi anayoikaribia isiwe sababu ya kumwongezea msimu. Wala habari zisitoke kwanza kwa mwandishi kutoka kwa mjumbe asiyetajwa jina. Mchezaji aliyeitumikia nchi miaka 15 asisome kuhusu kuachwa kwake kwenye simu ya mtu mwingine.

Kabla ya kikao chenu kijacho cha uteuzi, naomba mwenyekiti ampigie simu, yeye mwenyewe, mchezaji mwenye umri mkubwa kuliko wote kwenye orodha, wapange siku ya kukutana kabla majina hayajatangazwa.

Wenu kwa heshima,

Mfuatiliaji wa kriketi